Eda ya Kanali Madi

Watu wa Miburani wamewahi kuvunja posa kwa sababu za kila namna. Mwari kakataa, bwana kaonekana pasipofaa, mama mkwe kateleza ulimi. Lakini Zahor bin Sabri alivunja posa ya mwanawe kwa uchaguzi wa rais wa nchi ambayo hajapata kuikanyaga, na kura yenyewe hakuwa nayo. Ukitaka kucheka, cheka taratibu, maana mwenyewe leo hacheki.

Nchi hiyo ni Ndumari, visiwa vitatu huko kusini. Bibi yake Zahor alitoka huko akiwa mwari, akaolewa hapa Mafia, asirudi tena. Basi ikatosha. Zahor na binamu yake Abeid, mmoja mtoto wa binti wa yule bibi na mwingine mtoto wa mwanawe wa kiume, walikuwa Wandumari kila ukifika uchaguzi, na wakishatangaziwa mshindi wanarudi kuwa watu wa Miburani. Na kwa kuwa ni mabinamu, walikuwa watani. Abeid akimwona Zahor na kanzu mpya humuuliza maiti aliyemvua ni wa wapi. Zahor naye humwambia mke wa Abeid kwamba akichoka kuulisha mzigo ule aulete kwake, ana punda mmoja tu. Miaka hamsini mambo yalikwenda hivyo. Ndiyo sheria, mtani hanuniwi. Neno lake hata likichoma unalimeza, nawe unangoja siku yako.

Shadya binti Zahor alikuwa ameposwa na Sadick wa Abeid, fundi wa mashine za boti pale Kilindoni. Vijana wamependana, wazee wameridhia, na mshenga Ussi ameshaleta pete na doti mbili za kanga. Harusi ingekuwa mwezi wa Maulidi. Shadya alikwishaanza kumshonea Sadick kofia kwa mkono, tundu moja baada ya jingine.

Ndipo Ndumari wakaingia kwenye uchaguzi. Zahor alikuwa upande wa Kanali Madi, Abeid upande wa Daktari Ashrafu. Wiki tatu nzima walikuwa mbele ya duka la Gulamali, ambaye televisheni yake huigeuzia barazani ili wateja wakae. Abeid alikuwa anacheza. Zahor alianza kwa kucheza, kisha, sijui lini, akaanza kuamini. Alibandika picha ya Kanali sebuleni. Akaapa mbele za watu kwamba Kanali asiposhinda, yeye si mtoto wa Sabri.

Kanali akashindwa, tena kwa mbali sana.

Asubuhi yake Abeid alitokea dukani na mkokoteni. Juu yake kalaza kigogo cha mgomba, kakivisha bafta nyeupe kama sanda. Akatoa leso akajifuta machozi yasiyokuwapo. "Marehemu Kanali alikuwa mtu wa watu," akasema, "ila watu wenyewe siku ya kura walikuwa na shughuli." Kisha akamshika Zahor mkono. "Mjane huyu hapa. Miezi minne na siku kumi, binamu. Wanja usipake, manukato usijitie, na sokoni usionekane."

Baraza zima liliangua kicheko. Gulamali alicheka hadi miwani ikamdondoka. Wallahi, hata mimi ningecheka. Zahor aliutoa mkono wake, akaondoka.

Nyumbani alimwita Ussi, akamkabidhi pete na kanga. "Virudishe kwa wenyewe."

"Baba," akasema Shadya, "mtani hanuniwi."

"Nimesema virudishwe."

"Basi mnunie yeye. Sadick amekukosea nini?"

Zahor alimfungulia Ussi mlango.

Abeid alikuja jioni ile ile, akapiga hodi, hakufunguliwa. Ijumaa akaja tena na sahani ya halua. Zahor alimchungulia dirishani, asifungue mlango. Mara ya tatu Abeid hakuja. Sadick alimwandikia Shadya kwenye simu kwa miezi mingi, naye alimjibu neno moja, kwamba walii wake ni baba yake na bila yeye hakuna ndoa. Halafu simu ikanyamaza. Zahor aliyaona yote hayo. Kila siku alisema kesho atakwenda kwa Abeid, na kila kesho ilipofika aliona aibu zaidi kuliko jana yake.

Ikapita miezi kumi na minne. Siku moja alisimama dukani kununua sabuni, akamwona Kanali Madi kwenye televisheni amekumbatiana na Daktari Ashrafu, mashavu yamegusana. Kanali ameteuliwa waziri mkuu.

"Wenzako wamepatana, Zahor," akasema Gulamali. Safari hii hakucheka.

Zahor alirudi nyumbani, akaibandua ile picha. "Nakwenda kwa Abeid," akamwambia Shadya.

Binti akaitoa kofia sandukuni. Ilikuwa imebaki upande mmoja. "Akikutania, jua bado tuna nafasi," akasema, akaanza kutia uzi kwenye sindano.

Njiani Zahor aliyapanga maneno yake. Alipomkuta Abeid ukumbini, akayatoa hapo hapo. "Binamu, yule maiti wako amefufuka. Nimekuja kukwambia nimetoka eda."

Akangoja. Alikuwa tayari kuitwa mjane, punda, mwizi wa sanda, lolote lile. Angelipokea kwa mikono miwili.

Abeid aliinuka, akampa mkono kwa adabu. "Karibu, Sheikh Zahor. Habari za nyumbani?" Akageukia ndani. "Leteni kahawa, tuna mgeni."

Wakazungumza habari za mvua na nazi. Zahor akaomba msamaha, naye Abeid akasema ameshasamehe zamani, na ilionekana ni kweli. Alipoaga, Abeid alimsindikiza hadi njiani. "Sadick anaoa Jibondo, Ijumaa ya wiki ijayo. Kadi yako nitaileta, sheikh wangu." Miburani kadi hupelekewa watu baki. Ndugu huitwa tu aje kumenya vitunguu.

Shadya alikuwa kibarazani, kofia mapajani. "Amekutania?"

"Ameniita sheikh," akasema Zahor. "Sadick anaoa wiki ijayo."

Shadya aliinamisha kichwa, akaendelea kushona. Zahor alikaa kando yake, akitamani alie au amtukane, ili na yeye apate pa kuanzia. Tundu la mwisho lilipokwisha, Shadya alikata uzi kwa meno, akamwekea kofia ile magotini.

"Utaivaa wewe, baba. Huwezi kwenda harusini kichwa wazi."