Herufi ya Kwanza

Sentensi yangu ilikuwa imetanda ukutani, nyeupe kwenye weusi wa skrini, kila herufi kubwa kama kiganja: "Subiri kidogo. Fundi bado yuko kwenye herufi ya kwanza."

Fundi mwenyewe alikuwa amesimama chini yake. Ana kigugumizi, na ndiye aliyenifundisha kazi hii tangu nilipokuwa sijui hata kuwasha kompyuta ya ofisi. Kila Jumatatu hufungua programu iliyokamilika mbele yetu sote na kuyapekua maneno yaliyosalia ndani, kwani ikiwa nzito wateja wanalalamika.

Mimi na ulimi wangu usio na breki! Programu yetu tunaiandika mara moja kwa simu za aina mbili. Utani wangu niliuficha kwenye tawi la aina ya pili, yaani sehemu inayotumiwa na simu hizo tu, nikijua safari hii tunatoa ya aina ya kwanza. Kompaila, mtambo unaogeuza maandishi yetu kuwa programu, hulitupa tawi lisilohitajika. Nikajiona mjanja: nimemsengenya mtu ndani ya chumba kitakachobomolewa kabla hajaingia.

Dada anayezijaribu programu zetu, anayecheka vichekesho vyangu hata visivyochekesha, alitazama viatu vyake.

Nilitamani Fundi aulize nani kaandika. Hakuuliza. Aliuliza, kwa sauti ileile ya kufundishia, kwa nini tawi lile halikuondolewa. Nikasimama, nikaeleza kwamba sharti nililoliandika liliiachia programu iulize aina ya simu wakati inapofunguliwa, badala ya kumpa kompaila jibu mapema. Na kompaila hutupa kile tu ilicho na hakika kwamba hakitatumika. Ikiwa na shaka, inabakiza. Maneno yalinitoka yamekatikakatika. Hakuna aliyenimalizia.

"Re-re-rekebisha hilo sharti," alisema. "Sentensi usiiguse."

Nikarekebisha. Programu ikatoka upya, nyepesi. Tukaitafuta sentensi, haimo. Wenzangu wakarudi kwenye meza zao kama watu waliotoka msibani. Lakini kwenye faili langu ilikuwa palepale, na jina langu pembeni. Kompaila husafisha inachokitoa, si tulichokiandika.

"Nisamehe, kaka," nikasema.

Akavuta kiti, akaketi kando yangu.

"Mi-mi..."

Miaka miwili nimekuwa nikimmalizia maneno, nikidhani namsaidia. Safari hii niliondoa mikono kwenye kibodi, nikasubiri.