Mkono Mrefu Kwenye Friji

Mtaani kwetu hakuna mwanamke anayejua kujidunga sindano kama mimi. Basi, hakuna mwingine anayejidunga, na siku ya kwanza nilipiga kelele hadi jirani akadhani nimevamiwa.

Insulini yangu hukaa kwenye mlango wa friji, karibu na mayai. Ikaanza kuisha upesi kuliko ninavyoitumia. Mwenye mkono mrefu nilimshuku: mkwe wangu, mume wa binti yangu, anayefundisha watu kunyanyua vyuma. Wenzake humwita Simenti. Kifua kama kabati, shingo hana.

Wizi ningeumeza. Kilichonikaba koo ni rafiki yake wa vyuma, aliyeanguka kwa maradhi ya moyo, akafa kabla ya kufika miaka arobaini. Nikamuuliza daktari wangu wa kliniki.

"Wapo wanaojidunga homoni za misuli, wakaongeza na insulini," akasema. "Wewe bibi, mwili wako hauitengenezi ya kutosha, sindano inakuzibia pengo. Kwao ni ziada. Ikizidi damuni muda mrefu, inaweza kunenepesha kuta za mishipa ya moyo. Na homoni zile zinasaidia mafuta kuganda humo. Njia inabana, siku moja inaziba."

Nikarudi nyumbani damu inachemka. Binti yangu ana mimba kubwa, na huyu mpumbavu anajijengea kifua cha kuzikiwa. Nilitaka kumchapa mwiko wa kichwa, ila ningevunja mwiko.

Mezani nikamuuliza, "Mkwe, nani anachezea insulini yangu?"

"Sijui, mama. Mimi ni mayai na mazoezi tu."

"Una hakika?"

"Hata hiyo chupa siijui ilivyo."

"Afadhali. Maana tangu jana haina insulini. Nimetia chanjo ya kuku wa jirani, nimkomeshe mwizi."

Nilimdanganya mchana kweupe. Chupa ilikuwa na insulini ileile. Lakini Simenti aliacha kutafuna. Binti yangu naye akashusha birika, akamtazama.

"Mama," Simenti akasema, mkono umemshuka tumboni, "hiyo chanjo ikimwingia mtu, inamfanya nini?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Kwa mfano."

"Inategemea. Huyo wa mfano kajidunga lini?"

"Leo asubuhi," akajibu.