Mikono ya Fundi

Mama yule fundi cherehani alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuona kazi mbovu akanyamaza. Mwanafunzi wake akipinda mshono, yeye huufumua na kuushona upya mwenyewe, kimya kimya, bila hata kugomba. Na kwa hilo alijiona mpole kweli kweli.

Basi bintiye wa miaka kumi na sita alipojifungua, mapenzi yalikuja na ugonjwa uleule. Binti akifunga nepi, mama anaifungua na kuifunga tena. Akianza kumwogesha mtoto, mama anampokonya beseni. Mtoto akilia, binti hajainuka, mama amekwisha kumbeba. Pumzika, anamwambia, pumzika mwanangu. Binti akapumzika mpaka ikapitiliza. Huyu waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyopiga domo kutwa, sasa anashinda akiutazama ukuta, chakula kimepoa mbele yake. Majirani wakasema ni uvivu wa kitoto. Fundi naye, Mungu amsamehe, alikaribia kuamini.

Wiki ya sita wakaenda kliniki. Muuguzi, mama mnene wa maneno machache, akamwomba Chiriku ambadilishe mtoto. Nepi ikakaa upande. Mkono wa fundi ukaruka, muuguzi akaudaka hewani. Huku ameushikilia, akamuuliza binti taratibu kama usingizi anaupata, kama chakula kinapita, kama amewahi kutamani asiwepo.

Chiriku akaitazama ile nepi iliyokaa upande.

"Nilikuwa nangoja mtoto awazoee," akasema. "Akishawazoea, mimi naweza kuondoka. Hakuna ninachofanya kikawa sawa."

"Uondoke uende wapi?" fundi akauliza.

Chiriku akageuza uso ukutani. Fundi akaelewa, akaushusha mkono wake. Muuguzi akawaambia wazi kwamba huu ni ugonjwa wa huzuni unaowapata waliojifungua, wala si aibu, na unatibika. Warudi keshokutwa, na mpaka hapo binti asiachwe peke yake hata kidogo.

Nje, kwenye benchi, fundi hakumgusa mjukuu. Alimvuta binti yake, huku binti amembeba mtoto, akampakata hivyo hivyo mbele za watu, miguu mirefu ya binti ikiburuta chini.

"Huyo ni wako," akamwambia. "Wa kwangu ni wewe."

Chiriku akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, na mwanawe akamkodolea macho.