Kichupa cha Kioo

Fundi cherehani alipeleka maji ya kisima chake maabara kwenye chupa ya plastiki aliyoisugua mpaka ikang'aa. Mpimaji hata hakuifungua.

"Dada, tunatafuta kemikali ya kulainishia plastiki, ile inayochuruzika kutoka jaa la taka hapo juu kwenu. Chupa hii yenyewe inaitoa. Wenye jaa watasema sumu ni ya chupa. Lete kwenye kioo."

Kioo! Alirudi nyumbani akifoka peke yake, akaipekua nyumba nzima. Ndoo plastiki, dumu plastiki, jagi, bakuli, vikombe, mpaka kijiko cha uji. Alimlaani aliyeileta plastiki duniani, kisha akajilaani mwenyewe kwa kuipenda eti haivunjiki.

Kioo kilikuwa kimoja tu: kichupa cha dawa ya bintiye, ambaye alikuwa amelala kwenye mkeka, amejikuna hadi damu. Dawa ilikuwa bado nusu.

Akaimimina kwenye kikombe cha plastiki, maana pengine pa kuiweka hapakuwepo. Kichupa akakisuuza, akakifunga jiwe kwa utepe wa pamba, akakizamisha kisimani. Kamba ya ndoo hakuigusa; hata hiyo ilikuwa ya plastiki.

Kilipotoka kimejaa, alikikumbatia kama yai.

"Mama, dawa," binti akaita kutoka ndani.

Fundi aliingia, akamwinua kichwa, akakisogeza kikombe mdomoni mwa binti.

"Kunywa, mwanangu," alisema, akafumba macho yeye.