Nyonga ya Mamzeli Ninette

Miaka sita Nunziata Capece, binti wa mama muuza samaki wa kukaanga pale Napoli, aliimba katika ukumbi wa muziki kwa jina la Mamzeli Ninette kutoka Paris. Paris yenyewe hakuwahi kuiota. Lakini wimbo ulipofika mwisho, ukumbi mzima ulizuia pumzi ukimngoja arushe nyonga mara moja, ngoma ilie ndi! sawia nayo. Hiyo ndiyo mossa. Bila mossa hakuna mtazamaji aliyekubali kwenda nyumbani.

Kisha koo likamlaza miezi miwili. Aliporudi, Don Attilio mwenye ukumbi hakumkaribisha hata kiti.

"Ninette yuko jukwaani," alisema.

"Ninette ni mimi!"

"Wewe ni Nunziata. Ninette ni mali ya ukumbi, kama mapazia. Nenda kwa mama yako, dada, mafuta yasije yakaungua."

Jina, gauni jekundu, nyimbo zote, Don Attilio alikuwa amempa Elvira, mpwa wake mwenyewe.

Nunziata hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Tatonno, mume wa dada yake, mpiga ngoma wa ukumbi uleule.

"Shemeji, Jumapili mkono wako utaingia ganzi."

"Atanifukuza."

"Amweke nani? Napoli nzima nani mwingine anaijua nyonga kabla haijaruka?"

Tatonno alicheka mpaka akakohoa. "Una roho mbaya wewe!"

"Ninayo. Kanipa yeye."

Jumapili alasiri ukumbi ulifurika. Nunziata aliketi roshani ya juu, shela usoni, kabanwa na makuli wa bandarini. Elvira aliimba vizuri, na hilo ndilo lililomchoma. Akafika mwisho, akarusha nyonga.

Kimya.

Akarusha tena. Ngoma haikulia.

"Jikune, mwanangu, usione haya!" kuli mmoja alipaza sauti. "Viroboto hata sisi tunavyo!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Maganda ya machungwa yakaruka. Don Attilio akachomoka nyuma ya pazia: "Piga, mwanaharamu, piga!" Tatonno akauinua mkono wake, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Elvira akaangua kilio. Nunziata alimtazama mpaka machozi yakachimba mifereji kwenye poda, na hakuona huruma hata chembe.

Ndipo akavua shela, akapanda juu ya benchi, akauimba ubeti wa mwisho. Si kwa kile Kifaransa cha kubabaisha, bali kwa Kinapoli cha sokoni, sauti ikikwaruza. Akarusha nyonga.

Ndi!

Roshani ilitikisika. Don Attilio, jasho likimtiririka, akanyoosha mikono juu. "Shuka, Ninette wangu! Njoo jukwaani, njoo kwako!"

"Ninette si huyo hapo analia?" Nunziata alijibu, na kila mtu akasikia. "Mimi ni Nunziata, baba. Nawahi mafuta yangu."

Akashuka ngazi bila kugeuka. Makuli wakamfuata, kisha wake zao, kisha watu wa chini, safu kwa safu. Wa mwisho kutoka alikuwa Tatonno, ngoma kwapani.