Mabati ya Prosper

Agnela alikuwa mkwe wa miezi minne, na kwa miezi yote hiyo hakuna mtu pale kwa wakwe zake, mlimani juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, aliyewahi kusikia sauti yake ikivuka meza. Akimwamkia Mzee Eliasi, baba wa mumewe, alipiga goti na kutoa shikamoo kama mtu anayeomba msamaha. Wameru wa pale walikuwa wameonywa kwamba binti wa Kichaga atawapanda kichwani. Wakabaki kusifu: mkwe gani huyu, mpole hivi! Na mtu akishasifiwa, mnajua wenyewe, hana raha tena. Kazi inakuwa kulinda sifa.

Shida ni kwamba Agnela alitaka kuigiza, tena tangu shuleni. Kikundi kimoja cha maigizo mjini Arusha kikatangaza kwamba kinatafuta mwanamke wa kuigiza mke mkali, ambaye mume wake mlevi ameuza mabati ya nyumba. Agnela akaomba ruhusa dukani anakouza vitambaa, akaenda kwenye usaili. Akasimama mbele ya Bi Lydia, kiongozi wa kikundi, akamkaripia yule mlevi wa jukwaani kwa sauti ileile ya ukweni, macho chini.

"Binti," akasema Bi Lydia, "huyu kauza mabati yako au kakuletea zawadi?"

Watu wakaangua kicheko.

"Uso unao, mikono unayo. Sauti umeiacha wapi? Nakupa wiki moja. Jumatatu ijayo nitakaa kiti cha mwisho kabisa. Nisipokusikia, nafasi anapewa mwingine."

Aliitaka nafasi ile kuliko alivyoitaka harusi, jambo ambalo, tafadhali, lisimfikie mumewe, Prosper.

Prosper mwenyewe ni mwalimu wa hisabati, mtu wa watu, akakubali kuwa mlevi wa mazoezi. Kila alasiri, wazee wakiwa bado shambani kwenye kahawa, wawili hao walijifungia chumbani. Siku ya kwanza sauti ya Agnela ilitoka kwa shida. Siku ya tatu ikaamka. Siku ya tano, Mungu wangu, hata kuku walikimbilia migombani.

"Umeuza mabati! Kesho utauza kuta, keshokutwa utaniuza mimi!"

"Nisamehe mke wangu, sirudii," Prosper akajibu, kama anaita mahudhurio darasani.

Walichosahau ni kwamba kule mlimani nyumba na nyumba zimetenganishwa na migomba tu, na mgomba hauzuii sauti. Jirani yao Mama Esther alisikia. Akamwambia mwenzake, naye akamwambia mwenzake. Kufikia Jumamosi, Prosper, ambaye hajawahi kunywa kitu kikali kuliko chai ya tangawizi, alikuwa mlevi wa kutupwa, na mabati yake yalishaonekana sokoni Tengeru.

Jumapili baada ya ibada kikaja kikao. Yoeli, mzee wa kanisa, aliingia uani na wenzake wawili, na kabla hata ya kusalimia akainua macho kulikagua paa la nyumba ya Prosper. Lilikuwepo lote. Akaguna, akaketi.

"Wanangu," akaanza, "mficha uchi hazai. Tumesikia. Semeni tuwasaidie."

"Mmesikia nini, mzee?" Prosper akauliza.

"Pombe, mwanangu. Na mabati."

Prosper akatumbua macho. Mzee Eliasi alikaa pembeni, uso umemkunjamana kwa fedheha. Agnela akaanza kupima. Akinyamaza, mumewe anabaki mlevi mbele ya usharika mzima. Akisema, baba mkwe atajua kwamba mkwe wake mpole anataka kwenda kupiga kelele jukwaani, na hapana moja tu ya mzee ingetosha, Jumatatu ingepita bila yeye. Akamtazama Prosper anavyotokwa jasho. Akamhurumia.

"Baba, ni igizo," akanong'ona. "Nilikuwa najifunza. Kesho nina usaili mjini."

Yoeli akatikisa kichwa kwa huzuni. Katika miaka yake ya kusuluhisha ndoa alishasikia visingizio vingi, lakini hiki kilikuwa kipya. "Sauti tuliyoambiwa si hii," akasema.

"Kama ni igizo," akasema Mzee Eliasi, "liigize hapa. Sasa hivi. Tuone."

Loo! Kupandisha sauti mbele ya baba mkwe, mchana kweupe, wazee wa kanisa wakiwa na vikombe mkononi! Mama Hanna, mama mkwe wake, aliyekuwa akimimina chai, akasimamisha birika hewani. Agnela akafumba macho, akamtafuta yule mwanamke aliyeamka asubuhi akaona anga badala ya paa. Akampata. Akamgeukia Prosper.

"Unaniuliza chakula? Miaka kumi na miwili nakupikia, umewahi kujua kuni zinatoka wapi? Chumvi inakaa wapi humu ndani? Onyesha! Onyesha kwa kidole!"

Prosper, masikini, akaanza kuitafuta chumvi kwa macho kweli.

"Sahani moja ya kula imekushinda kuirudisha jikoni, lakini mabati ishirini umeyabeba peke yako mpaka kilabuni!"

Kikombe cha Yoeli kilikwama njiani. Mmoja wa wale wazee wawili akaivuta sahani yake ya maandazi taratibu, akaipakata. Agnela akarudi kuwa mkwe, akapiga goti.

"Kumbe kweli ni mchezo," Yoeli akasema, akifuta jasho.

Mzee Eliasi akakohoa. "Basi yameisha. Tufunge kwa sala."

"Bado," akasema Mama Hanna.

Wote wakageuka. Miaka thelathini na mitano alikuwa akiwahudumia wanaume vikaoni pale uani, na hakuwahi kutia neno. Akaweka birika chini, akavuta kigoda, akaketi bega kwa bega na mumewe.

"Kesho ataenda, na nitamsindikiza mwenyewe," akasema. "Ila sasa, mwanangu, hebu rudia pale pa sahani. Polepole. Baba yako hajasikia vizuri."