Nyasi za Kubandika

Hafsa alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumtoa bi harusi mmoja chunusi za kidevuni kwenye picha, Awadhi akaingia studio na simu mkononi. Awadhi ni dalali wa mashamba, na studio ya Hafsa iko Kilole, Korogwe. Picha aliyoleta ilikuwa ya eneo moja la Kwedizinga, na katikati yake palikuwa na nyumba ya Kimasai.

"Itoe hiyo," alisema. "Mnunuzi anataka eneo tupu."

Hafsa hakuuliza. Mteja hahojiwi, na ubaya mwingi hupita hapo hapo. Kwenye kompyuta alichukua kile kifaa chenye alama ya muhuri, kinachonakili upande mmoja wa picha na kuubandika kwingine, akaifunika nyumba kwa nyasi za pembeni. Kwa haraka zake alibandika kichuguu kilekile mara tatu. Kisha akahifadhi juu ya picha ya awali, kosa ambalo hata mwanafunzi hukatazwa, na Awadhi akaifuta ile ya kwenye simu.

Kesho yake alikuja Noonkipa, mwenye nyumba, miguu imejaa vumbi.

"Karibu, yeyo," Hafsa alisema, akimwita mama kwa Kimasai.

"Nyumba yangu imekuwa nyasi. Na kuna vichuguu vitatu, vyote vimemegeka upande mmoja. Awadhi anasema uliifunika wewe."

Kwao nyumba hujengwa na mke, kwa hiyo mumewe, Kimaren, alikuwa amemuuliza ameiweka wapi. Aliuliza bila hasira, kama mtu anayetafuta fimbo yake.

"Ni mimi. Nisamehe. Huwezi kujenga nyingine?"

"Kujenga nitajenga. Lakini mwanangu Kuntai alikuwa amelala ndani. Hajaanza hata kutambaa."

Hafsa akawasha kompyuta. Muhuri hunakili kilichopo tu, na kwenye picha zilikuwapo nyasi. Alihangaika hadi alasiri, nyasi zikazidi kupendeza. Aliona aibu, akasema kwamba anaona aibu. Noonkipa akamjibu kwamba amesikia.

Eneo likauzwa. Mnunuzi alipokuja kulikagua alisikia mtoto akilia chini ya nyasi, akauliza ni wa nani. Awadhi akamwambia ni wa yule mama wa Kimasai, hana usumbufu. Wakazungusha seng'enge. Awadhi naye ana utu wake: aliacha upenyo wa kupitisha mkono na kibuyu.

Kila jioni Noonkipa humimina maziwa hapo. Ardhi huyanywa, kilio hutulia. Siku za gulio Hafsa huja kukaa naye.

Mwaka huu Kuntai ameanza kuongea. Anauliza mlango uko wapi.